Dakika Thelathini na Nane kutoka Oloipiri

Kila asubuhi saa moja na nusu, kabla hajanywa chai, Clemensi alichukua chaki na kuandika ubaoni safari za siku hiyo. Ubao ulikuwa umetundikwa nje ya ofisi ya kiwanja kidogo cha ndege, juu ya ukingo wa bonde, ukishaipita Rhotia kama unatoka Karatu mjini. Aliandika jina la mahali, umbali na muda. Jumanne ile ya mwezi wa nne aliandika: Oloipiri, kilomita 152, dakika 38. Kisha akajipangusa chaki kwenye suruali, akawasha pikipiki, akaenda kufukuza mbuzi.

Kufukuza mbuzi ndiyo ilikuwa kazi yake ya pili. Majani ya pembeni mwa njia ya kurukia yalikuwa mazuri kuliko ya kwingine, na mbuzi wa majirani walilijua jambo hilo. Ndege ilipokaribia, Clemensi aliikimbiza pikipiki kutoka mwisho huu hadi mwisho ule akipiga honi, na rubani alipoona vumbi limetulia alishuka. Magurudumu yakigusa ardhi, Clemensi alikuwa ameshafika ubaoni, na kabla injini haijazimwa alikuwa ameshaandika: imefika, na saa yake. Sikudhani, mwanamke wa ofisini, aliinakili saa hiyo daftarini na kuitaja kwenye redio. Ndiyo ilikuwa namna yao ya kufanya kazi. Wakubwa wa Arusha waliwasifu kwa wepesi.

Alikuwa amefanya hivyo miaka kumi na mmoja. Hakuwahi kupanda ndege, na hilo halikumsumbua, kama ambavyo mpishi wa harusi hasumbuki kutokaa meza ya maharusi. Lakini ile 152 aliijua kuliko alivyojua umbali wa kutoka kwake hadi kanisani, kwa sababu mtoto wake wa kwanza, Penina, alikuwa mwalimu wa darasa la tatu huko Oloipiri. Penina alikuja nyumbani mara mbili kwa mwaka, kwa malori, akilala njiani Malambo. Akifika, miguu imevimba na nywele zimekuwa nyekundu kwa vumbi, baba yake alimtania.

"Mimi naandika dakika thelathini na nane, mwenzangu unatumia siku mbili. Unapitia wapi?"

"Napitia chini, baba," Penina alijibu. "Chini ni mbali."

Jumanne ile simu ililia saa mbili asubuhi. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya Penina. Alisalimia, akauliza habari za mvua, akauliza habari za mama, kisha akasema kwamba Penina hakulala. Tumbo, upande wa kulia, chini. Mganga wa zahanati ameliminya na kuachia, akasema ni kidole tumbo na kinatakiwa kukatwa leo, kesho ni mbali. Barabara ya kushuka Malambo ilikuwa na korongo lililojaa maji tangu Jumapili.

Sikudhani alikuwa binti wa muuza vitenge wa sokoni Karatu, mtu wa maneno mengi. Safari hii alimsikiliza Clemensi mpaka mwisho. Alivuta redio.

"Ashrafu, ukitoka Oloipiri una abiria wangapi?"

"Wageni wanne," rubani alijibu. "Viti nane vitupu. Kwani una mzigo?"

"Nina mtoto wa Clemensi. Tumbo."

Redio ilikwaruza kidogo.

"Mwambieni awe kiwanjani saa tano," Ashrafu alisema. "Na asile kitu."

Clemensi akampigia mkewe, Leonida, akamwambia aende hospitali ya Karatu akaseme mgonjwa anakuja. Ndege iliondoka Oloipiri saa tano na dakika kumi. Saa tano na dakika arobaini Clemensi alianza kuwafukuza mbuzi, akawafukuza kwa ukali ambao hawakuuzoea, hata mmoja akakimbilia jikoni kwa mama ntilie. Saa tano na dakika arobaini na nane magurudumu yaligusa ardhi. Mkono wake ukaandika: imefika, 5:48.

Mlango ukafunguliwa, wakashuka wageni wanne wenye kofia za vitambaa, wakaingia kwenye gari lao na kuondoka. Ashrafu akashuka wa mwisho akiwa ameshika mkoba wa Penina.

"Yuko wapi?" Clemensi aliuliza.

"Njoo uone, mzee."

Kwenye kiti cha tano mkanda ulikuwa umefungwa, na kati ya mkanda na kiti hapakuwa na mtu. Kiti kilikuwa bado na joto.

"Nilimfunga mwenyewe," Ashrafu alisema. "Tuliruka naye. Tulipovuka kilima cha kwanza nikageuka kumuuliza anaendeleaje, nikaona ameshaanza kubaki nyuma. Hajadondoka, mzee, usihofu. Yuko njiani."

Sikudhani alikuwa amekuja hadi mlangoni. Alitikisa kichwa kama mtu anayesikia habari ya mtaani kwake.

"Ndivyo ndege inavyowachukua wenyeji," alisema. "Yule mpishi wa kambini mwaka juzi alifika jioni, na sufuria zake. Na katekista wa Kansay alifika siku ya pili. Dakika thelathini na nane ni za wageni, Clemensi. Mtu wa hapa hata akiwa hewani anakwenda na barabara yake."

"Barabara yake ni kilomita ngapi?"

"Sisi hatuandiki ya barabara."

Clemensi aliijua. Kwa kupitia Malambo, Nainokanoka na ukingo wa kreta ilikuwa zaidi ya mia mbili na hamsini, na korongo lilikuwa katikati.

Saa saba mchana alipigiwa simu na namba asiyoijua.

"Wewe ni baba wa mwalimu?" Ilikuwa sauti ya mfugaji mmoja wa karibu na Malambo.

"Ndiyo."

"Amepita hapa juu ya migunga. Amekaa tu hivi, kama mtu aliye kwenye kiti, anakwenda mwendo wa lori lenye mzigo. Amenitajia namba yako. Anasema ana kiu."

"Mmempa maji?"

"Tumejaribu. Ndugu yangu amepanda mgunga na kibuyu, mkono haukufika. Miiba imemchana."

"Mpe pole sana. Asanteni."

"Haya. Ng'ombe huko hawajambo?"

"Hawajambo."

"Mvua?"

"Ipo."

"Haya, baba wa mwalimu. Anaelekea kwenu."

Saa nane Penina mwenyewe alipatikana kwenye simu. Mtandao wa juu ulikuwa mzuri kuliko wa chini.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Umefika wapi?"

"Niko korongoni. Maji ni mengi, tunangoja yapungue. Kuna malori mawili na basi moja."

"Sasa wewe maji yanakuhusu nini, si uko juu?"

"Ndivyo nilivyosema na mimi. Lakini sisogei, baba. Wao wakisimama na mimi nasimama."

Nyuma yake Clemensi alisikia dereva akipaza sauti kutoka chini.

"Mwalimu! Hebu tuchungulie huko mbele! Yanapungua au tutandike tulale?"

"Yamefika kwenye lile jiwe jeupe!" Penina alijibu.

"Bado saa nzima hiyo! Na wewe ushuke basi unywe chai, au chai ya malori huitaki?"

"Niinulie ngazi kwanza!"

Watu walicheka huko korongoni. Penina naye alicheka, kisha akanyamaza ghafla, na Clemensi akasikia pumzi yake.

"Unaumwa sana?"

"Nikicheka ndiyo naumwa." Akapumzika. "Ashrafu amenipita. Amerudi Oloipiri na wageni wengine. Amenipungia mkono."

Clemensi aliiweka simu mfukoni, akaingia ofisini.

"Mwambie Ashrafu ampakie akiwa anarudi," alisema. "Yuko pale pale juu ya korongo. Apunguze mwendo, afungue mlango."

Sikudhani alikuwa ameshauliza. Alimgeuzia daftari ili alione.

"Ashrafu amekubali. Amesema atampakia hata kwa kumshika shati. Lakini abiria aliyebaki njiani hupakiwa kwa safari ile ile aliyoanza nayo, na safari ya Penina imeshafika. Umeandika wewe saa tano na arobaini na nane, nikanakili mimi, Arusha wakajibu wameipokea. Kama ingekuwa bado haijafika, ndege ingerudi kumchukua. Ndivyo walivyomfanyia yule mzungu aliyeshuka kuchimba dawa wakamsahau."

Clemensi alitoka nje, akafuta neno "imefika" kwa kiganja. Akarudi.

"Futa na la daftarini."

"Nimelifuta. Nimewaambia Arusha kwamba tulikosea. Wamesema ndege iliyofika haiwezi kurudishwa njiani. Wageni wake wako hotelini wanakula."

"Mimi huandika magurudumu yakigusa," Clemensi alisema. "Siku zote."

"Najua."

"Ningengoja mlango ufunguliwe."

"Clemensi, hakuna aliyewahi kungoja."

Saa tisa na dakika ishirini Ashrafu alipita tena juu ya korongo, akitokea Oloipiri. Alipunguza mwendo kadiri ndege inavyoruhusu, akafungua mlango, akanyoosha mkono. Penina akanyoosha wake. Ashrafu alieleza baadaye kwamba vidole viligusana, na kwamba vya Penina vilikuwa vya moto sana, lakini havikushikika, kama mtu anayejaribu kushika kitu kwenye kioo. Alitua kiwanjani akiwa na wageni sita. Safari hii Clemensi hakuandika chochote mpaka Sikudhani alipomkumbusha.

Maji yalipungua saa tisa na nusu. Malori yakavuka, basi likavuka, na Penina akavuka. Clemensi akapiga hesabu: akienda vizuri, angefika geti la hifadhi, kule msituni, kabla ya saa kumi na mbili jioni. Likishafungwa halifunguliwi mpaka asubuhi. Akaazima gari la paroko na dereva wake, akampitia Leonida hospitalini. Daktari aliyekuwa anamngojea Penina tangu asubuhi, kijana wa Mbulu aitwaye Remigius, alivua koti jeupe, akachukua mkoba wake, akapanda nao bila kuombwa.

Getini walimkuta askari aitwaye Emmanueli. Kwao ni Kansay, na shangazi yake aliolewa Rhotia, kwa hiyo alimwita Leonida mama. Ukungu ulikuwa umeteremka hadi kwenye miti. Walisimama pamoja wakiangalia barabara inayotoka kretani. Saa kumi na mbili kamili Emmanueli alishusha chuma cha kuzuia magari. Saa kumi na mbili na dakika saba Penina alitokeza kwenye kona, juu ya basi, amekaa, magoti pamoja, mikono miwili imeshika tumbo. Basi lilisimama upande wa pili wa chuma. Na yeye akasimama.

Alikuwa ameshuka chini sana kwa sababu ya ukungu. Kutoka kwenye nyayo zake hadi paa la nyumba ya geti palikuwa kama urefu wa mtu mmoja. Kiatu kimoja kilikuwa kimemtoka.

"Mpitishe mwanangu," Clemensi alisema.

"Mzee wangu, ningekuwa mimi ningempitisha," Emmanueli alisema. "Nimempigia bosi. Sheria ya gari ni saa kumi na mbili. Ya mtu wa hewani haijaandikwa, lakini bosi amesema tutumie hiyo ya gari mpaka itakapoandikwa."

"Dakika saba!" Leonida alisema. "We mtoto wa Kansay, dakika saba? Wewe mwenyewe ulizaliwa na miezi kumi, mama yako alikungoja!"

"Ni kweli, mama."

"Basi ngoja na wewe!"

"Mimi sina ninachongojea, mama. Mimi nimepangwa tu."

Leonida alikaa chini barabarani. Clemensi akapanda kwenye paa la gari la paroko, halafu kwenye paa la nyumba ya geti. Emmanueli akamshikia ngazi. Alipofika juu kabisa, nyayo za Penina zilikuwa bado juu yake kwa urefu wa mtu mmoja. Walileta ngazi ya pili wakaifunga juu ya ya kwanza. Urefu ukabaki ule ule. Daktari Remigius alitazama kwa muda, kisha akafungua mkoba, akafunga vidonge na kichupa kidogo cha maji kwenye leso. Leonida, aliyewinga ndege kwa mawe kwenye mtama tangu utoto wake, akaisimamia kazi ya kumrushia furushi hilo. Mara ya kwanza lilipita pembeni. Mara ya pili lilimpiga Penina begani.

"Unanipiga, mama."

"Nyamaza udake!"

Mara ya tatu alilidaka. Akanywa vidonge, na akanywa maji yote bila kupumzika.

"Ningempata mezani dakika arobaini tu," Daktari Remigius alimwambia Clemensi kwa sauti ndogo. "Si zaidi. Ni upasuaji mdogo. Nimefanya miwili wiki hii."

Giza lilipoingia Emmanueli aliwaingiza kwenye gari kwa sababu ya nyati. Waliongea na Penina kupitia dirishani mpaka aliposema amechoka kuongea.

Asubuhi walipotoka, yeye ndiye aliyeanza kusalimia.

"Shikamooni. Mama, maumivu yameisha. Yalikatika tu, kama mtu amezima taa."

"Asante Mungu," Leonida alisema, akapiga ishara ya msalaba.

Daktari Remigius hakushukuru. Aliangalia viatu vyake.

"Unasikia baridi, mwalimu?" aliuliza.

"Nasikia joto. Na tumbo limekuwa gumu, silijui."

Saa kumi na mbili kamili Emmanueli aliinua chuma. Alikuwa ameandika kwenye kitabu chake: basi moja, gari dogo hakuna, hewani abiria mmoja. Alisimama wima na kupiga saluti Penina alipopita, jambo ambalo hakutakiwa kulifanya.

Kuanzia getini barabara ilikuwa ya lami, na Penina akaongeza mwendo. Gari la paroko lilimfuata chini yake. Alipunguza mwendo kwenye matuta ya Njia Panda. Kwenye kituo cha Bashay alisimama dakika nne, ingawa hakuna wa kupanda wala wa kushuka. Mbele kidogo trafiki alimnyooshea mkono, akamtazama kutoka chini, akamruhusu. Watu waliokuwa wanakwenda shambani na majembe begani walisogea pembeni na kusema, "Ni mwalimu wa Clemensi, amechelewa njiani," wakavua kofia kwa kuwa rangi yake haikuwa nzuri.

Saa moja kasoro dakika kumi alifika juu ya hospitali ya Karatu. Daktari Remigius alikuwa amepiga simu mbele. Manesi wawili walikuwa wametoka uani na kitanda cha magurudumu, chumba cha upasuaji kilikuwa wazi na taa yake inawaka, na kutoka uani iliweza kuonekana. Penina alipita juu ya kitanda hicho.

"Shuka hapa, mama!" Clemensi alipaza sauti. "Shuka! Ni hapa!"

"Nitashukaje, baba? Nimeandikishwa kufika kiwanjani."

"Jaribu!"

Alijaribu. Waliona akijisukuma kwa mikono, kama mtu anayetaka kuinuka kutoka kwenye kiti kilichomzidi kina. Kiatu cha pili kikamtoka, kikaanguka kwenye kitanda, juu ya shuka safi. Nesi alikiokota na kumkimbilia Leonida nacho. Penina alivuka ukuta wa hospitali, akavuka soko, akaendelea.

Saa moja na robo alikuwa juu ya Rhotia. Barabara hupita juu kidogo ya shamba la Clemensi, na kwa hiyo Penina alipita juu ya nyumba aliyozaliwa, kuku wakamkimbia kama wanavyomkimbia mwewe. Mahindi yalikuwa ya magotini, maharage katikati yake. Leonida alikuwa ametoa kichwa chote nje ya dirisha la gari.

"Mama," Penina alisema. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Maharage ya upande wa juu yameingiwa na wadudu. Ukiwa huko chini huwezi kuona."

"Nitapiga dawa kesho."

"Piga leo."

Baada ya hapo Leonida alimwita mara nyingi. Alijibiwa mara moja tu, na si kwa neno.

Karibu na kiwanja Clemensi alimwambia dereva asimame. Pikipiki yake ilikuwa pale alipoiacha. Mbuzi walikuwa wametapakaa kwenye njia ya kurukia, maana hakuna aliyewafukuza tangu jana. Aliwafukuza wote, mmoja mmoja, mpaka mwisho, akasimama vumbi likatulia. Ndipo Penina alipoteremka. Aligusa majani taratibu, akakaa kama alivyokuwa amekaa hewani, kisha akainamia upande wa kulia. Ilikuwa saa mbili na dakika tano asubuhi.

Daktari Remigius alipiga magoti, akaweka vidole shingoni, akasubiri muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Ni kati ya Rhotia na hapa," alisema.

Ashrafu alikuwa anajaza mafuta kwa safari ya saa tatu. Alikuja na kofia mkononi.

"Mzee, ningejua ningemwacha aje na gari."

"Gari lisingevuka korongo."

"Basi ningefanya nini?"

Clemensi alifikiri, kwa sababu swali lilikuwa limeulizwa kwa moyo safi.

"Hakuna," alisema.

Walimlaza kwenye gari la paroko, kichwa kwenye mapaja ya mama yake. Kutoka kiwanjani hadi nyumbani walitumia dakika kumi na mbili. Hakuna aliyewasimamisha popote.

Alizikwa Ijumaa, nyuma ya nyumba, karibu na bibi yake. Leonida alikuwa ameshapiga dawa kwenye maharage. Mwalimu mkuu wa Oloipiri alitaka kuwahi mazishi, na kambi moja ya wageni ikamwonea huruma ikampa kiti kwenye ndege ya Ijumaa asubuhi. Alifika Jumapili baada ya misa, vumbi hadi kwenye kope, akiwa na barua arobaini na saba za darasa la tatu kwenye mfuko wa plastiki. Leonida alimpa maji ya kunawa. Barua walizisoma wote, moja baada ya moja, na nyingi zilimwuliza mwalimu atarudi lini.

Wiki iliyofuata walikuja watu wawili wa Arusha kutoa pole. Walikuwa watu wazuri, walikaa kwenye mkeka, walikula. Walisema malalamiko yamewafikia na kwamba wamepima upya ule umbali kwa mashine mpya, siyo mara moja. Ulikuwa kilomita mia moja hamsini na mbili. Muda nao ulikuwa sahihi. Walisikitika sana. Walipoondoka walimwachia Sikudhani daftari jipya lenye safu moja zaidi, ya abiria walio njiani, ili wasiwe wanasahaulika.

Clemensi alirudi kazini siku ya ishirini. Siku hizi haandiki kwamba ndege imefika mpaka mlango ufunguliwe na wote wanaoshuka washuke, na Arusha wamelalamika kwamba amekuwa mzito. Mara tatu ndege imerudishwa, mara zote kwa ajili ya mgeni aliyesahau kamera. Kwa mtu wa hapa wamesema jibu ni lile lile: safu yake ipo, asubiriwe.

Asubuhi ile ya kurudi kazini alimkuta mzee mmoja wa Kansay amekaa kwenye benchi la nje, blanketi begani, chupa ya uji pembeni. Mkewe alikuwa amekwenda Oloipiri kumwuguza binti yao akaugua yeye. Ndege ya saa tano ilitua. Walishuka wageni saba. Mzee alisimama, akawaangalia wote wakipita, akamwangalia rubani aliyetoka na kanga iliyokunjwa, akaipokea na kukaa tena.

"Nimeambiwa kuna geti," mzee alisema. "Niende?"

"Usiende, aako," Clemensi alisema, akimwita babu kwa lugha ya kwao. "Ukienda utamwona."

Mzee aliitafakari kanga iliyokuwa magotini mwake.

"Basi nitangoja hapa."

Clemensi alimwinua kwa mkono, akalibeba benchi mwenyewe, akalipeleka upande wa nyuma wa ofisi, mahali ambapo kivuli kingekuja mchana na kukaa mpaka jioni.